Kava la Msumeno

Tarehe 9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote hapo nyumbani, wewe, shemeji, watoto na mama. Mimi sijambo, napumua, nakula, nalala. Mwambie mama goti lake alikande na maji moto, aachane na yale mafuta ya kwenye chupa isiyo na jina. Yatamtoa ngozi.

Samahani kwa kimya. Hapa karakana tulikuwa na oda ya madawati, kazi juu ya kazi. Halafu nikaumia kidogo kidole, si jambo la kusimulia. Bosi amenipa mapumziko. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Wewe mtoto wa mama,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako anakoroma mpaka majirani wameacha kununua saa. Mwanangu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, kila neno linatoka na upepo. Goti la mama limepoa, na chupa nimeificha. Nimeshona sare za shule mpaka nikifumba macho naona kola. Haya, salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Huo mwandiko ni wa nani? Mdogo wangu ninayemjua anaandika kana kwamba kila herufi ameipiga randa. Hizi ulizoniletea zinapepesuka, moja imelala chali, nyingine inataka kutoka nje ya karatasi. Na barua nzima haijazi hata kiganja. Kwenye simu ukiona maneno yanakubana unaniambia "mtandao mbaya, dada," unakata. Karatasi haina mtandao mbaya. Niambie ni mkono gani, ilikuwaje, na umebaki na nini. Na usinijibu "kidogo." Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, najua ukisema kidogo maana yake nini. Ulivunjika mguu ukasema umejikwaa kidogo.

Mama nilimsomea barua, kwenye kidole nikaruka. Hajui kitu.

Dada yako, mwenye hasira


Tarehe 3 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Nashukuru kusikia mko salama. Mpe pole huyo mwenye pengo, mwambie mjomba wake naye sasa analo.

Basi umeshinda. Ni mkono wa kulia. Msumeno wa meza, ule namba tatu niliofanyia kazi miaka yote. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka, mkono ukafuata. Vimekwenda cha shahada, cha kati na cha pete. Gumba kipo, na kile cha mwisho kipo. Hii unayosoma nimeandika kwa kushoto, kwa hiyo usinicheke mwandiko, ndiyo naanza darasa la kwanza.

Bosi si mtu mbaya, dada. Alikuja hospitali mwenyewe, akaleta machungwa, akalipa kila kitu. Akanishika bega mbele ya manesi akasema, "Huyu ni mtoto wa nyumba yangu, hatakosa kazi maisha yake yote." Nikipona atanipa geti. Mlinzi wa zamani amestaafu. Kazi ya kukaa tu na kufungua.

Basi yamekwisha. Usimwambie mama. Na mambo ya msumeno ulikuwaje, kava lilikuwa wapi, tafadhali usiniulize.

Mdogo wako


Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Sina salamu nyingi leo. Wote wazima.

Nimelia. Nilikaa kwenye cherehani nikalia juu ya sketi ya mtu mpaka ikabidi niifue upya. Mkono ule ndio uliochonga kitanda ninacholalia na kigoda anachokalia mama. Sikulaumu, nakuhurumia. Nimemaliza kulia. Sasa nisikilize.

Nina mteja ambaye ni karani wa ofisi ya kazi hapa kwetu. Alikuja kupimwa gauni, nami nikamhoji huku nina pini mdomoni, akawa hawezi kutoroka maana nusu ya gauni ilikuwa mwilini na nusu mkononi mwangu. Anasema mtu akiumia kazini, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa, na aliyeumia anadai fidia kwenye mfuko wa wafanyakazi. Si hisani, si machungwa. Ni haki yako, na michango yake hulipwa na mwajiri kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini kuna mwisho wake. Mwaka ukipita tangu siku ya ajali bila kudai, mlango unafungwa. Akaniuliza kama bosi wako ametoa taarifa. Nikamwambia bosi ametoa machungwa.

Akaniuliza jambo jingine pia. Anasema kila msumeno wa meza una kava la kufunika meno, mkono usifike. Wewe umesema nisiulize kava lilikuwa wapi. Kwa hiyo sikuulizi. Nimeandika tu hapa kwamba nimeona umesema nisiulize.

Nenda ofisi ya kazi.

Dada yako


Tarehe 28 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimehama chumba, nipo upande wa nyuma wa nyumba ileile, karibu na bomba. Kodi yake ni nafuu. Mwenye nyumba anawasha redio alfajiri, hasikii vizuri, basi nyumba nzima tunasikiliza kwa niaba yake. Nafurahi mama amepata nafuu.

Nimeshaanza kazi getini. Nimepewa sare ya buluu, mkanda na kofia. Nina kibanda changu, kiti, daftari la wageni, na kengele.

Najua utauliza kengele ya nini. Nitakuambia ili uache kunichimba. Makava yapo, dada. Mekundu, mazuri, yamekuja na mashine zenyewe. Lakini kava likiwepo ubao mnene haupiti haraka, nasi tunalipwa kwa madawati tuliyomaliza. Msimamizi wetu, tunamwita Haraka, aliyafungua yote zamani akayafungia stoo. Mkaguzi akija, mlinzi anavuta kengele mara mbili. Akifika mlangoni kila mmoja ameshapachika kava lake na kufunga skrubu. Akitoka, yanarudi stoo. Tulikuwa tunacheka sana. Tulikuwa tunashindana nani atafunga kwanza, na mara nyingi ni mimi niliyekuwa nashinda. Sasa kengele ninayo mimi.

Kuhusu kudai, hapana. Kwanza nikidai nitawachongea wenzangu, wana watoto. Pili mwenye nguvu mpishe. Tatu, na hili ndilo lenyewe, huko ofisini wanakupeleka kwa daktari akupime, halafu wanakuandika mlemavu asilimia kadhaa. Mimi sitaki mtu anikadirie kama ubao, aseme huyu kimebaki hiki, kile kimeoza. Naomba tusilizungumze tena.

Mdogo wako


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zote umepata. Shemeji yako anasema hongera ya sare. Mimi sisemi hongera. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umeivaa kabisa, na mkanda juu.

Hebu fikiri, wewe si mjinga. Wamekukata vidole kwa sababu makava yapo stoo. Halafu wakakuweka wewe, wewe mwenyewe, kuwa mtu wa kuwaambia mkaguzi anakuja ili asione kwamba hayo makava hayapo. Jamani! Mwizi akuibie kisha akuajiri umlindie mlango? Hiyo si huruma. Huyo bosi anakuvika kilemba cha ukoka huku anahesabu miezi. Anataka ukae hapo kwenye kiti, ushibe maneno matamu, mwaka upite.

Na hao wenzako unaowaonea huruma, bado wanakata mbao bila kava. Utamchongea nani? Wewe ukinyamaza, anayefuata atakuwa na watoto pia.

Kuhusu kupimwa. Nina jambo la kukuungamia. Mama anajua. Anajua tangu barua yako ya kwanza. Hajui kusoma, lakini alishika bahasha, akaigeuza, akasema, "Huyu aliyeandika hapa si mwanangu, au mwanangu hana mkono." Nikamdanganya. Akaninyamazia wiki nzima, hata chai yangu hakunywa. Nikamwambia yote. Alikaa, akavaa miwani ambayo haimsaidii kitu, akasema nikuandikie hivi: "Mwambie mimi sikuzaa mkono, nilizaa mtu. Daktari akapime mkono."

Nami naongeza langu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usipokwenda mwenyewe nitakuja kukushika sikio getini, mbele ya kofia yako.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Kimya gani hiki? Mama anauliza. Shemeji anauliza. Hata mwenye pengo anauliza, na meno yameshaota. Umenuna au umekufa? Ukiwa umenuna andika "nimenuna."

Dada


Tarehe 19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nilinuna.

Mpe mama salamu. Mwambie maneno yake yamefika, na kwamba nililala nayo siku nyingi. Sikukasirika kwa sababu ya kumwambia. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimejipa moyo kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye bado ananiona nina mikono miwili.

Nimekwenda. Nimekwenda ili unyamaze, sikufichi. Ofisi ya kazi iko juu ya duka la matairi, ngazi zinanuka mpira. Nikajaza karatasi kwa huu mkono wangu wa kushoto, karani akawa ananisubiri kwa adabu huku anatikisa mguu chini ya meza. Akasema watamwandikia mwajiri, kisha watanijulisha.

Getini sijamwambia mtu. Naamka, navaa kofia, nafungua, nafunga. Haraka akipita ananiita "afande." Wenzangu wanacheka, nami nacheka. Ukiniuliza nacheka nini, sijui.

Mdogo wako


Tarehe 30 Septemba

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Leo nimeshindwa kuzipanga vizuri salamu, nina moto kifuani.

Majibu ya bosi yamefika ofisi ya kazi. Nimesomewa. Anasema mimi, fundi wake, siku ile niliondoa kava la msumeno kwa mikono yangu mwenyewe kinyume cha amri ya msimamizi. Anasema ni uzembe wangu. Anasema kampuni iliniajiri tena getini kwa huruma tu ingawa nilistahili kufukuzwa. Chini yake kuna sahihi ya Haraka kama shahidi. Haraka, dada! Yeye ndiye mwenye funguo za stoo, anatembea nazo kiunoni zinalia chwa chwa chwa, mtu unajua yuko wapi hata ukiwa chooni.

Mzembe! Mimi! Nimekata mbao pale tangu sijaota ndevu. Dawati likitoka mkononi mwangu halichezi. Nimewafundisha nusu ya wale wanaume kushika ubao wenye fundo. Vidole wamechukua, nikasema ni ajali. Msumeno wamenichukulia, nikasema sawa, nipeni geti. Sasa wanataka na jina langu. Nililolifanyia kazi ni hilo tu, sina kingine.

Nilimfuata bosi ofisini. Nikamuuliza, "Mzee, ni kweli umeandika haya?" Hakuinua macho. Akasema, "Mtoto wangu, ni maneno ya karatasi tu, wanasheria wanataka hivyo. Wewe si unakula? Rudi getini."

Nilirudi getini. Lakini nakuambia, dada, aliyerudi si yule aliyetoka.

Karani anasema bila ushahidi ni neno langu dhidi ya lao. Watatuma mkaguzi aje aone, siku wasiyoitaja. Wenzangu niliwaomba waseme ukweli. Mmoja mmoja wakaangalia viatu. Yule mzee tunayemwita Msasa, kwa jinsi sauti yake inavyokwaruza, aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nina wanaonitegemea." Simlaumu. Lakini naye nimemkasirikia.

Nifanye nini?

Mdogo wako


Tarehe 12 Oktoba

Mdogo wangu,

Sote wazima, mama anakusalimu, anasema hii barua yako ya mwisho mwandiko umenyooka. Na mimi nimeona. Hasira imekupiga randa.

Umeniuliza ufanye nini. Ajabu, leo ndiyo mara ya kwanza tangu Machi unaniuliza kitu badala ya kuniambia nisiulize. Basi jibu langu ni fupi.

Mkaguzi akija, atakuta makava yamevaliwa, si ndiyo? Atakuta kila kitu kinameremeta, ataandika "sawa," ataondoka, nawe utabaki mzembe mpaka kaburini. Na atayakuta yamevaliwa kwa sababu kuna mtu atakuwa amewaambia kwamba amefika.

Mimi fundi wa nguo tu, sijui mambo ya misumeno. Nasema tu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dada yako


Tarehe 25 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mama je, shemeji je, watoto je? Mwenye nyumba wangu redio imeharibika, tunalala mpaka jua lituamshe, na sasa sote tunachelewa kazini. Keti chini, nikupe habari.

Alikuja Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimezoea wakaguzi wa gari jeupe, wale wanaopiga honi toka kona. Huyu alikuja kwa miguu, mwanamke, viatu vya chini, faili kwapani. Akanisalimu vizuri, akanionyesha kitambulisho. Akaniangalia mkono, akasoma jina kwenye faili, akaniangalia tena usoni.

Dada, ule mnyororo wa kengele unaning'inia hapa sikioni. Ndani nasikia misumeno yote inalia. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, ule wa kulia, wenye gumba na kidole kimoja. Nikaushusha. Niliwafikiria wenzangu, na nikamfikiria Msasa ameinama juu ya namba tatu, msumeno wangu, meno wazi, kwa sababu ana wanaomtegemea. Nikamwambia yule mama, "Karibu ndani." Nikatangulia mwenyewe kumwongoza.

Tuliingia. Hakuna aliyetuona kwanza. Kila msumeno ulikuwa uchi. Haraka yuko katikati amepanda boksi anapiga kelele, "Madawati, madawati, hapa si msibani!" Mtu mmoja akaona faili. Akazima. Wa pili akazima. Mpaka ikabaki sauti ya Haraka peke yake. Alipogeuka akaona faili, akashuka kwenye boksi.

Bosi akatoka ofisini mbio, anatafuna. Alikuwa hajamwona mkaguzi vizuri, maana yule mama alikuwa nyuma yangu. Macho yake yaliniona mimi tu, nje ya geti langu. Akapaza sauti mbele ya karakana nzima, "Wewe! Kwa nini hukupiga kengele?"

Yule mama akasogea pembeni yangu. Akauliza kwa upole kabisa, "Kengele gani?"

Wallahi, dada, hata vumbi lilisimama. Bosi akaacha kutafuna. Akasema, "Kengele ya... chai." Mtu nyuma akakohoa. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Nikasema mimi. "Ni kengele ya kuwaambia mafundi wavae makava, mkaguzi amefika. Ukitoka, wanayavua." Akauliza yako wapi hayo makava. Nikamwonyesha stoo. Akamwomba Haraka funguo, na hapo zilikuwa kiunoni mwake zinalia, hakuweza kusema hana. Akafungua. Yamening'inia ukutani kwa namba, mekundu, rangi haijaparuzwa. La namba tatu buibui amelijengea kabisa, nyumba ya ukoo mzima, na nzi wake wamekauka. Yule mama akaliangalia kwa muda. Kisha akageuka kwa bosi. "Kwa hiyo hili ndilo fundi wako aliliondoa siku ya ajali?"

Hapo ndipo Msasa alipofungua mdomo. Akasema, "Mama, hilo halijawahi kuonja msumeno ila siku mnapokuja nyinyi." Halafu wengine wakaanza kusema, wote pamoja, kama bomba lililozibuka.

Karakana imefungwa mpaka makava yakazwe kwa skrubu zisizofunguka bila fundi wa kiwanda. Jioni bosi alinipita getini. Akaniambia, "Kweli fadhila ya punda ni mateke." Nikamwambia, "Ukimkata punda mguu, mzee, hupiga kwa ule uliobaki." Sijui nilipata wapi hayo maneno. Nadhani kwako.

Mdogo wako


Tarehe 8 Desemba

Mdogo wangu,

Nilimsomea mama mbele ya shemeji na watoto. Kwenye "kengele ya chai" shemeji yako alianguka kutoka kwenye kochi, sikutanii, amevimba kiwiko. Mama hakucheka. Alisema nirudie pale ulipomwambia "karibu ndani." Nimerudia mara nyingi mpaka barua imechanika kwenye mkunjo.

Lakini nauliza, na unijibu bila kuficha. Mafundi wanakula nini kipindi hiki karakana imefungwa? Wanakutazamaje? Na wewe una kazi bado? Nyumbani kuna nafasi. Kuna kitanda, unakijua.

Dada yako


Tarehe 21 Januari

Dada,

Shikamoo. Hii msomee mama yote, usiruke popote.

Umeuliza, nakujibu. Karakana ilifungwa siku kumi na mbili, na hawakulipwa. Kuna wawili mpaka leo hawanisalimii, mmoja alitema mate nilipopita. Nimemwachia, njaa ya watoto wake ni ya kweli. Msasa ananisalimu. Siku walipofungua alikuja kibandani, akaketi, akasema kava linamchelewesha na ni kero tupu. Halafu akanionyesha mikono yake yote miwili, nje na ndani, akaenda zake. Malipo ya fundi kwa kila dawati yamebidi yapande kidogo, mafundi waligoma asubuhi moja kuyadai. Haraka amehamishiwa sehemu ya kupaka rangi. Mimi bosi hanisemeshi, na kunifukuza anaogopa, faili bado liko wazi. Kwa hiyo nimekaa getini nikimwangalia anavyopita akijifanya geti linajifungua lenyewe. Nyumbani siji, dada. Asante, lakini siji. Nikiondoka sasa watasema nilikimbia.

Daktari alinipima. Niliogopa bure. Alikuwa kijana mpole, alikunja na kukunjua kilichobaki, akaandika namba ya asilimia, akaniuliza kama baridi inauma. Namba ni kubwa kuliko nilivyotaka, na sikufa. Mama alisema kweli.

Jana niliitwa ofisi ya kazi kwa hatua ya mwisho. Wamekubali kwamba kosa la kava ni la mwajiri, dai limepita. Nilikwenda moja kwa moja kutoka zamu, na sare yangu, kofia mkononi. Karani yuleyule, anatikisa mguu. Alikuwa anajaza karatasi ambayo fidia itahesabiwa kwayo. Jina, akaandika. Umri, akaandika. Kazi, hakuuliza. Aliangalia sare, akaandika "mlinzi."

Nikamwambia, "Futa hapo."

Akasema, "Si wewe mlinzi?"

"Walinikalisha pale. Siku ile nilikuwa kwenye msumeno. Andika seremala."

Akaniambia tayari ameandika kwa kalamu ya wino, itabidi achukue karatasi nyingine aanze upya, na watu wako kwenye foleni. Nikamwambia nitasubiri. Akanitazama mkono, dada, akautazama kwa uwazi kabisa, halafu akauliza, si kwa ubaya, "Seremala, kwa mkono huo?"

Nikauweka juu ya meza yake, juu ya karatasi yake, gumba na kidole kimoja.

"Kwa mkono huu."

Akachukua karatasi mpya. Nilisimama pale mpaka akamaliza kuandika neno zima.

Mdogo wako